Waja Leo, Waondoka Leo: Wiki Tano za Ticha wa Baiskeli

Tulirekodi sehemu tisa, zikarushwa tano. Ukizunguka Ngamiani leo ukauliza nani anakikumbuka kipindi chetu, labda utampata fundi baiskeli mmoja, naye anakikumbuka kwa kuwa tulikodi baiskeli yake tukairudisha rimu imepinda. Tanga ina msemo wake wa zamani, waja leo waondoka leo. Sisi tulikaa hewani wiki tano, sijui tuhesabiwe wageni wa namna gani.

Kilikuwa kipindi cha vichekesho cha nusu saa kuhusu mwalimu wa sekondari asiyefanana na wenzake. Mwalimu huyo, kwa heri au kwa shari, alitokana na mimi. Sikuigiza, sina sura ya luninga wala pumzi ya jukwaani. Kazi yangu ilikuwa kuandika skripti, na nilichokuwa nacho cha kuandika ni mwaka wangu wa kwanza wa ualimu.

Kwa waliosahau, au waliokuwa bado wadogo: kuanzia mwaka 2006 shule za sekondari za kata zilijengwa kwa kasi nchi nzima. Majengo yakapatikana, walimu hawakuwepo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya kama mwezi mmoja, ikawapa leseni ya kufundisha na kuwasambaza. Wananchi hawakuchelewa kutubatiza. Wakatuita Voda Fasta, jina la huduma ya kuongeza salio la simu ya wakati ule. Unaongeza salio chapchap, mwalimu tayari.

Mimi nilikuwa wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nilifika shuleni, upande wa barabara iendayo Horohoro, na begi moja na godoro la kukunja. Mkuu wa shule akanitazama, akaitazama ratiba ukutani, akasema, "Kiswahili tunaye mtu. Historia tunaye. Wewe utashika Hisabati, kidato cha kwanza na cha pili."

Nikamwambia, "Mkuu, mimi Hisabati kidato cha nne nilipata F."

"Basi unajua wanapokwama," akasema, akanipa boksi la chaki.

Nilikuwa na watoto themanini na kitu kwa darasa, na kitabu kimoja, changu. Mada iliyonitoa jasho ilikuwa uwiano. Niliifundisha kama nilivyofundishwa, yaani niliandika ubaoni nikiomba Mungu kengele ilie. Siku ya tatu nikachoka. Nikaitoa baiskeli yangu ukumbini, nikaiingiza darasani, nikaipindua juu ya meza, magurudumu hewani. Tanga ni mji wa baiskeli, hakuna mtoto pale asiyejua kuikalia hata kama kwao haipo. Nikawaambia wahesabu meno ya mbele kwenye pedeli, kisha ya nyuma kwenye tairi. Yakawa 48 mbele na 20 nyuma. Kwa hiyo ukizungusha pedeli mara moja, tairi linazunguka mara ngapi? Walibishana mpaka wakafika 2.4. Tukapima tairi kwa kamba, tukapata pedeli moja inakusogeza mita tano na ushee. Kutoka Amboni hadi mjini ni kilomita kama nane. Utapiga pedeli mara ngapi? Wakakokotoa. Kama 1,500, ukiacha mteremko unaokuachia upumzike.

Katikati ya makelele hayo nikamwona mkuu dirishani, mikono nyuma, kama kawaida yake. Nikajua leseni imeisha muda. Akaingia. Akachuchumaa mbele ya ile baiskeli iliyopinduliwa, akazungusha pedeli kwa mkono, akahesabu jino moja moja kwa kidole.

"Ni 47," akasema.

Darasa zima likampinga, hata wale ambao tangu Januari sikuwahi kusikia sauti zao. Wakaja mbele, wakahesabu upya mbele yake. Yalikuwa 48. "Haya," akasema, akajipangusa mikono, akatoka. Mpaka leo sijui kama alikosea kweli.

Kisa hicho ndicho nilichomsimulia dairekta mwaka 2014, tumekaa kwenye kahawa na kashata. Alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Akasema, "Ticha, hiki ni kipindi."

Dairekta wetu alikuwa mtoto wa Chumbageni aliyesomea sanaa Bagamoyo, pale TaSUBa. Kwao utotoni kulikuwa na deki, na kanda iliyochakaa kuliko zote ilikuwa ya Mind Your Language, kichekesho cha Waingereza cha mwalimu anayefundisha Kiingereza darasa la watu wazima wa mataifa mbalimbali, kule London. Alikijua kwa moyo. Kilianza mwishoni mwa 1977, kikaishia 1979 kikiwa na sehemu 29. Mkuu wa vipindi wa kituo, Michael Grade, alikifunga kwa kuona kinawadhalilisha wageni, ingawa watazamaji walikuwa mamilioni. Mwaka 1986 kikafufuliwa, sehemu 13 nyingine, kikalala tena. Dairekta alikuwa anazitaja tarakimu hizo kama maalimu anayetaja silsila. "Wao 29 tu, na dunia nzima inawajua," alituambia siku ya kikao cha kwanza. "Sisi tunaanza na 13."

Mambo ya pesa nitayapitia haraka, maana yakinikumbusha sana nitaharibikiwa na siku. Wengi hudhani kituo cha luninga kinakununulia kipindi. Kwetu ilikuwa kinyume: sisi ndio tuliolipia muda wa hewani, halafu tukatafuta mdhamini ambaye matangazo yake yangeturudishia. Mdhamini akapatikana, akatoa sharti moja: mwalimu achezwe na msanii anayejulikana. Tukamleta mmoja kutoka Dar es Salaam. Ni mtu mzuri, mcheshi hata mezani. Ila kumleta mchekeshaji Tanga ni kupeleka chumvi baharini. Huu ndio mji wa King Majuto, ambaye wakati huo alikuwa hai bado. Tulimpoteza Agosti 2018. Hapa muuza mihogo anakuchekesha kabla hajakupa chenji.

Tulirekodi likizo ya Juni, kibali mkononi na barua za wazazi kwenye faili, katika darasa tuliloazimwa. Watoto walikuwa ishirini, waliobaki tuliwajaza kwa pembe za kamera. Hapo nikajifunza vitu ambavyo hakuna skripti inayokuambia. Shati jeupe la shule, mwanga wa dirishani wa saa sita ukilipiga, kwenye kamera linageuka taa; huoni uso wa mtoto. Mpiga picha akatuamuru tuyachovye mashati yote kwenye chai ya rangi, yafifie kidogo. Tukachemsha sufuria mbili. Jioni mama mmoja akanijia, khanga kaifunga kiunoni.

"Mwalimu, mwanangu katoka na shati jeupe, karudi na la kahawia. Mlikuwa mnampikia chai mgongoni?"

Nikaomba radhi. Kesho yake akaja mwenyewe kuchemsha, akisema sisi hatujui vipimo. Akawa mpishi wetu mpaka mwisho.

Sauti nayo. Kunguru wa Tanga hawana adabu ya lokesheni. Bodaboda, adhana, muuza samaki na honi yake ya mpira, kila kimoja kinakukata katikati ya sentensi. Adhana tuliisubiri iishe. Kunguru tuliwarushia mawe. Siku mbili za mwanzo tulitoka na dakika kumi na moja za kutumika.

Lakini si kunguru waliotuua. Sehemu ya kwanza ilianza na baiskeli, kama nilivyoandika. Msanii wetu akaingia darasani akiiendesha, akagonga meza, akaruka juu ya usukani, suruali ikachanika. Rimu ikapinda hapo hapo. Watoto wakacheka kwa ishara ya mkono wa dairekta, moja, mbili, tatu, cheka. Nikamvuta dairekta pembeni.

"Kaka, kwa nini kaja na baiskeli?"

"Kwa nini tena? Si ndiyo kichekesho?"

"Na meno 48?"

"Hesabu zitawachosha watu, ticha."

Sikubisha zaidi. Yeye kasomea, mimi ni Voda Fasta. Na kusema ukweli nilipoiona imehaririwa nilicheka, mtu akianguka utacheka. Sehemu ya pili akaanguka kutoka kwenye kiti. Ya tatu akala chaki. Ya nne nimeisahau, na mwandishi nilikuwa mimi. Kila wiki ilibidi awe kioja zaidi ya wiki iliyopita, na kila wiki ilibidi mtu azime sauti ya watoto wanaocheka kwa amri, kwa sababu mtazamaji si mjinga, anasikia.

Miezi mingi baadaye nilikaa nikaangalia tena zile kanda za Waingereza, safari hii kwa daftari. Yule mwalimu wao, Jeremy Brown, aliyechezwa na Barry Evans, si kioja hata kidogo. Ni kijana mstaarabu anayejaribu kumaliza somo. Vioja viko kwenye madawati. Kila mwanafunzi ana kosa lake, analikosea kwa mtindo wake, na nyuma yao wote yuko Miss Courtenay, mkuu asiyecheka. Masihara mengine ya mle leo yananikera, na huyo Grade simlaumu sana. Lakini seremala aliyekichonga kipindi kile alijua mti unasimamia wapi. Sisi tuliupindua: mwalimu kioja, na mbele yake madawati ya watu wasio na majina. Mkuu wetu wa shule, aliyechezwa na mwalimu mstaafu wa Makorora, alikuwa na neno moja tu katika sehemu tano zote. "Wewe!" Kisha anakimbiza.

Malalamiko yalianza baada ya sehemu ya tatu. Simu zikapigwa kituoni kwamba tunawadhalilisha walimu. Ofisini kwetu walimu wenzangu, ambao baadhi yao waliingia kazini kwa leseni kama mimi, waliacha kuniachia kiti. Mwalimu mmoja wa kike niliyemheshimu sana akaniambia, "Mdogo wangu, tulichekwa miaka ile yote barabarani. Sasa umetupeleka na kwenye luninga?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika habari ya kijana asiyejua somo anayetafuta njia ya kulifikisha, kikatoka kichekesho cha kijana asiyejua kukaa kwenye kiti. Jambo lilelile, baiskeli ileile, ila sababu imeondolewa.

Sasa niseme kuhusu sehemu ya sita, kwa sababu kama isingekuwa hiyo nisingeandika haya.

Siku ya kuirekodi, saa mbili asubuhi, msanii wetu akapiga simu. Yuko Chalinze, basi limekufa. Jenereta tumeikodi kwa siku, watoto wameshakunywa uji, mashati yameshachovywa na kukauka. Dairekta akazunguka uwanja mara tatu, akaja akaninyooshea daftari.

"Ticha, niandikie kitu bila ticha."

Nikaenda kukaa chini ya mwembe na yule mzee wa Makorora. Nikamwuliza, "Mzee, wewe ungeingia darasani ukute kelele na mwalimu hayupo, ungefanyaje?"

"Ningechapa."

"Wote?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Kwa utaratibu, kijana. Kanuni za mwaka 2002 hizo. Achape mkuu au aliyekabidhiwa na mkuu kwa maandishi. Visizidi vinne. Na viandikwe daftarini. Bila daftari huchapi."

"Na daftari likipotea?"

Mzee akanyamaza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

Ndiyo ikawa sehemu ya sita. Mkuu anaingia, darasa linapiga kelele, fimbo ipo, daftari la adhabu halipo. Hawezi kumchapa mtu. Anaamuru darasa zima limtafutie daftari, na watoto, ambao ndio watakaoandikwa humo, wanalitafuta kwa bidii ambayo hakuna aliyewahi kuiona katika somo lolote. Sikuandika hata kurasa mbili. Niliwapa watoto hali, nikawauliza wao wangesema nini. Kijana wa dawati la nyuma akasimama: "Mkuu, mimi nina viwili vya Ijumaa havijaandikwa, nisije nikadhulumiwa." Msichana wa mbele, mdogo kuliko wote, akauliza kwa upole kabisa, "Mkuu, mwalimu akizidisha vikawa vitano?" Mzee akafikiri, uso mkavu. "Cha tano ni mali ya serikali." Mpiga picha akacheka, kamera ikatikisika, tukarudia. Mwingine aliposhindwa kujibu saba mara nane, mzee akatoa hotuba ambayo hakuna aliyemwandikia: "Wajerumani wamefungua shule ya serikali hapa Tanga mwaka 1892. Kabla ya Dar es Salaam, kabla ya Dodoma, hapa! Mji umeanza kusoma 1892, na wewe leo hujui saba mara nane?" Yule mtoto akajibu, "Mkuu, mimi nimeanza mwaka jana."

Hakuna aliyeinua mkono kuwaamuru wacheke.

Msanii akafika saa kumi alasiri, kavimba miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Dairekta hakumwacha hata anawe. Akampa onyesho moja: aingie akiikokota baiskeli, asimame. Kwenye keria kumefungwa daftari la adhabu. Mkuu analichukua, analifungua, badala ya viboko anakuta hesabu za pedeli, jina la mwanafunzi na idadi. Anasoma kwa sauti ya mahakamani. "Huyu 1,496. Huyu 1,510. Huyu 2,300." Anainua uso. "Huyu 2,300 alipitia wapi?"

"Kwa shangazi, Mkuu."

Muda wote huo mwalimu kasimama tu, kashika usukani, anamwangalia mkuu, anawaangalia watoto. Hakusema neno. Watu wote walioiona walimsifia ukimya ule, wakasema sasa ndiyo ameigiza. Nilipomwuliza alikuwa anafikiria nini, akasema, "Njaa, ticha."

Siku inayofuata, kabla hatujamaliza kurekodi ya saba, kwa mara ya kwanza dairekta alikuja na orodha ya watoto, majina ishirini, mbele ya kila jina kaacha nafasi. Akaniambia nijaze: huyu anaogopa nini, huyu anamdai nani, huyu anakaa na nani. Tatu za mwisho tulizirekodi hivyo.

Hazikuonekana. Baada ya sehemu ya pili kituo kilituhamisha kutoka Jumamosi saa moja na nusu jioni kwenda Jumatano karibu saa tano usiku, saa ambayo Tanga nzima imelala isipokuwa walinzi. Mdhamini akaona hesabu haziji, akajitoa. Bila mdhamini hatukuwa na ya kulipia muda. Habari ya kusitishwa ilikuja kwa ujumbe wa simu, mistari miwili, na ndani yake neno "kwa sasa". Rimu ya fundi nililipa mimi. Na yule mama wa chai tulimlipa nusu; nusu nyingine nilimalizia kidogo kidogo mpaka Machi.

Niliendelea kufundisha. Nilishaenda chuo, leseni nikaibadilisha kwa cheti halali, sasa naitwa mwalimu bila utani. Kila mwaka naandika igizo la mahafali ya kidato cha nne, na wanafunzi wananijia na wazo lilelile: mwalimu mlevi, mwalimu chizi, mwalimu anayeanguka. Siwakatalii. Nawaambia waanze na rejista. Waniandikie kwanza wanafunzi kumi wa darasa la huyo chizi, mmoja mmoja, na mkuu wake, na kwa nini bado hajafukuzwa. Wengi wakifika jina la nne wanaacha wenyewe kumwangusha mwalimu, wanakuwa na mambo mengine ya kusema.

Likizo ya Desemba mwaka ule ule, yule mzee alitualika kwake Makorora tuangalie sehemu ya sita. Dairekta alikuja nayo kwenye flashi, tukaichomeka kwenye deki, luninga tukaitoa barazani. Watoto walikuja wote na wadogo zao na majirani, waliokosa mkeka wakakaa kwenye ukuta. Ilipofika pale mkuu anapofungua daftari, kila kitu kikazima. Si mtaa mzima, nyumba ile tu. Mzee akasema gizani, bila haya yoyote, "Luku imeisha."

Nikatoa buku mbili, mjukuu wake akakimbia dukani kununua umeme. Tukakaa. Kisha kwenye giza nikasikia sauti ya mzee, ileile ya mahakamani: "Huyu 1,496. Huyu 1,510. Huyu 2,300. Huyu 2,300 alipitia wapi?" Baraza zima, hata waliokuwa hawajawahi kuiona, wakasubiri. Mtoto mwenye jibu lake alikuwa amekaa ukutani, akaliacha lisubiriwe kidogo kabla hajalitoa.

Mjukuu aliporudi na tokeni mkononi, tulikuwa tumeshamaliza.